Kukaa Ubavuni mwa Mwenye Insha

Kama wewe ni mwalimu, na hivi sasa una rundo la madaftari mbele yako huku redio inaongea, usiyaweke kando. Endelea kusahihisha, sikio moja likiwa huku, maana mazungumzo ya leo yanahusu hicho kilichoko mkononi mwako: kalamu nyekundu.

Mimi nafundisha Kiswahili na Kiingereza katika sekondari. Watu huniuliza ualimu niliusomea wapi, nami huwatajia chuo na mwaka, nao huridhika. Lakini ualimu nilianza kuupata mahali pengine, kabla sijajua kwamba ni ualimu, na nilikwenda huko kwa sababu nilikuwa nimechoka kuosha sahani.

Nilibahatika kusoma shahada ya kwanza Marekani, katika chuo kidogo kwenye jimbo la Minnesota, mahali ambapo mwezi wa Januari ukitoka nje na nywele mbichi zinaganda kabla hujafika darasani. Wafadhili walilipa ada na malazi. Sabuni, mafuta ya kujipaka na kadi ya simu ya kumpigia mama kule nyumbani, Muheza, vilikuwa juu yangu. Viza ya mwanafunzi kule inaruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na sisi tuliotoka ng'ambo wengi tulianzia bwaloni. Nikaosha sahani muhula mzima, mikono ikachunika. Muhula wa pili mhadhiri wa somo la uandishi akaniita, akaniambia kituo cha uandishi kinatafuta wanafunzi wa kuwasaidia wanafunzi wenzao. Kazi ya kukaa kwenye kiti, ndani, penye joto. Sikuuliza swali la pili.

Kituo cha uandishi ni kitu ambacho kwetu hakijazoeleka, kwa hiyo nikueleze. Ni chumba chenye meza tano au sita. Mwanafunzi mwenye insha, ripoti, au hata barua ya kuomba kazi, anajiandikisha kwenye daftari la miadi, anakuja na rasimu yake, anakaa na mtu kwa nusu saa au zaidi kidogo. Mtu huyo si mhadhiri wala msahihishaji. Ni mwanafunzi kama yeye, labda amemtangulia mwaka mmoja, na hana alama ya kumpa wala ya kumnyima. Nitamwita mshauri mwenza, mpaka atokee mtu wa kutupatia jina zuri zaidi.

Kabla ya kuachiwa meza tulifundishwa wiki kadhaa. Masharti yalikuwa machache na, kwa mtu aliyelelewa na shule zetu, ya ajabu. Usikae ng'ambo ya meza. Kaa ubavuni mwa mwenye insha, karatasi iwe mbele yenu wote wawili. Yeye ndiye asome kwa sauti. Na kalamu ikae mkononi mwake. Ukiona mkono wako unaitamani kalamu, ukalie. Hilo la kukalia mkono tuliambiwa hivyo hivyo na mkuu wa kituo, na kuna siku nililitimiza kwa maana yake halisi, nikainuka mkono umekufa ganzi.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, mrefu, kofia ameigeuza nyuma. Alinitazama, akatazama kibao chenye jina langu, kisha akauliza, kwa adabu lakini bila kuficha, kama kweli ni mimi wa kumsaidia Kiingereza. Swali la haki. Yeye lugha hiyo aliinyonya kwa mama yake. Mimi niliipata shule ya msingi, kwa mwalimu aliyekuwa naye anaibahatisha.

Insha yake ilihusu besiboli. Msikilizaji, mimi besiboli siijui, na mpaka leo sijaijua. Nilimwacha asome mpaka mwisho, kisha nikamwambia sijaelewa kwa nini kukimbia kwake kulikuwa kosa, maana nilidhani mchezo wenyewe ni wa kukimbia. Akacheka. Akaanza kunieleza. Akasimama, akapanga vikombe vya karatasi juu ya meza kuwa uwanja. Akaniambia jinsi baba yake alivyokuwa akimpigia kelele kutoka pembeni, usikimbie, usikimbie, na yeye akakimbia, timu ikafungwa, na safari nzima ya kurudi nyumbani ndani ya gari hakuna aliyefungua mdomo. Nikamuuliza: hilo la kwenye gari liko ukurasa wa ngapi? Akapekua. Halikuwapo. Kurasa nne za besiboli, na gari halimo.

Mmarekani mwenzake angeuelewa ule mchezo, angeitikia kwa kichwa, na wangehamia kwenye alama za mkato. Ujinga wangu ndio uliolitoa gari gereji siku ile. Nilirudi bwenini nikitembea juu ya theluji, nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Baadaye nilikumbuka chuo chetu cha Kurani, kule nyumbani, kwa bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili barazani huku watoto kumi na kitu tunasoma juzuu, kila mmoja na pake, kelele tupu. Macho yake yako kwenye ukili. Ukikosea irabu moja, unasikia jina lako. Tulidhani ana jini. Kumbe maneno yote alikuwa nayo kifuani, kila sauti ina mahali pake, na ikihama anaisikia kama unavyosikia sufuria ikianguka jikoni. Mshauri mwenza hana bahati hiyo. Insha iliyo mbele yake haina asili iliyohifadhiwa popote pa kwenda kuilinganisha, ila kichwani mwa yule aliyeiandika, na mara nyingi hata humo haijakamilika. Kwa hiyo anauliza, maana hana pengine pa kulitafuta jibu. Watu huona ni upole. Mimi naona ni kukosa njia nyingine, na kukosa huko ndiko kulikonifunza kusikiliza.

Nisijisifu, kwani mwaka huo huo niliharibu. Alikuja mama mmoja wa makamo, muuguzi, amerudi kusoma baada ya watoto wake kukua. Aya yake ya kwanza ilikuwa ndefu, imejisokota kama kamba ya kisimani. Mimi nilikuwa hoi, na nje kiza kimeshaingia saa kumi na nusu jioni kama ilivyo kule mwezi wa Desemba. Nikachukua kalamu. Dakika tano tu, aya ikawa safi, ina dai, ina hoja, inateleza. Nikaisoma kwa sauti, nikaifurahia mwenyewe. Mama wa watu akashukuru, akaikunja karatasi, akavaa koti lake. Wiki iliyofuata nikaona kwenye daftari la miadi amejiandikisha saa ile ile, kwa mwenzangu wa meza ya pili. Nikawa nawasikia. Anasoma, anasita, anacheka, anaandika. Ile aya yangu sikuwahi kujua alikoipeleka, na sikuthubutu kuuliza.

Sasa najua yupo msikilizaji anayesema: hizo ni anasa za nchi zenye pesa. Mwanafunzi mmoja, mshauri mmoja, chumba chenye joto! Nami nilidhani hivyo, mpaka niliposoma habari za jinsi kazi hii ilivyoenea. Ilisukumwa na msongamano.

Mwaka 1969, wanafunzi weusi na wenye asili ya Puerto Rico waligoma wakafunga sehemu ya City College, kimojawapo cha vyuo vya Chuo Kikuu cha Jiji la New York, wakidai milango ifunguliwe kwa vijana wa mitaa yao. Ikafunguliwa. Kuanzia vuli ya mwaka 1970, kijana aliyemaliza sekondari jijini aliahidiwa nafasi katika chuo kimojawapo kati ya hivyo, na ada haikuwapo bado; ilianza kutozwa mwaka 1976. Mwaka ule wa kwanza waliingia wanafunzi wapya wapatao 35,000. Wengi walikuwa wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo, na waliandika Kiingereza ambacho maprofesa hawakujua waanzie wapi kukisahihisha.

Katika Brooklyn College alikuwapo Kenneth Bruffee, mwalimu aliyekabidhiwa kuongoza masomo ya uandishi kwa wanafunzi hao. Chuo kiliwaandalia msaada wa ziada, nao hawakuufuata. Bruffee aliona kwamba msaada wenyewe ulifanana mno na darasa lile lile walilokuwa wanashindwa ndani yake. Akapita njia nyingine: akawafundisha wanafunzi kusoma kazi za wenzao na kuzijadili, akawaweka wao kwenye viti. Mwalimu wa zamu yeyote hapa nchini anaijua siri hiyo. Tangaza masomo ya ziada ya mwalimu saa tisa alasiri, watakuja kumi. Pita bwenini usiku uone diskasheni ya kipanga mmoja imejaza kitanda mpaka chaga zinalia.

Upande mwingine wa jiji, katika City College kwenyewe, Mina Shaughnessy alikaa na insha zipatazo 4,000 zilizoandikwa na wanafunzi wa namna hiyo, akazisoma kama daktari anavyosoma homa. Kitabu chake, Errors and Expectations, kilitoka mwaka 1977. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Aligundua kwamba makosa hayo hayakutawanyika ovyo. Kila mwandishi alikuwa na kanuni zake, anazifuata kwa uaminifu, ila hazikuwa kanuni za kitabuni.

Nitakupa mfano wa kwetu. Ninaye mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayeandika "alikua mgonjwa" badala ya "alikuwa", na "hua" badala ya "huwa". Ukurasa wa pili anaandika "chukuwa", na mstari wa chini yake "sumbuwa". Mwenye haraka na kalamu nyekundu anahesabu makosa manne na kukata alama nne. Ukikaa ubavuni na kumwomba asome, unasikia kosa ni moja tu: mdomoni mwake hakuna tofauti kati ya "kua" na "kuwa". Wala mdomoni mwangu haipo, nikisema kwa kasi! Ile "w" kwake ni pambo, mara analiweka, mara analiondoa. Siku moja akiwa anamweleza jirani yake, mwenyewe akapata dawa: neno likikubali kuzaa "kukuza", halina "w". Mtoto hukua, ukamkuza. Mgonjwa hakuzwi. Dawa hiyo haimo katika kitabu chochote cha sarufi nilichopewa, na inafanya kazi.

Mama yangu, nilipomweleza kwa simu kazi yangu ya Minnesota, alicheka mpaka kadi ikakaribia kwisha. Akasema: "Kumbe mmefika kwenye UPE!"

Wa rika langu wanakumbuka kwa kusimuliwa. Novemba 1974, chama cha TANU kilikutana Musoma kikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ndiyo hiyo UPE, isingoje tena, ifike mwaka 1977. Watoto walikuwapo, walimu hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu, wakawa wanafundisha huku nao wanafundishwa: masomo kwa njia ya posta, mkufunzi wa kuwatembelea, na vipindi vya redio. Naam, redio, chombo hiki hiki. Mama yangu alikuwa mmoja wao, binti wa miaka kumi na minane mbele ya watoto ambao wengine walikuwa wanamwita dada jioni. Waliosoma zaidi waliwabeza, na "mwalimu wa UPE" likageuka kuwa tusi. Sitaupamba wakati ule. Madarasa yalifurika na elimu iliumia, mama mwenyewe anakiri. Lakini aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema hesabu za sehemu, zile za juu na chini, alikuwa amezielewa juzi tu. "Nilijua penye utelezi ni wapi, maana tope lake lilikuwa bado miguuni mwangu."

Basi nikarudi. Nikasoma stashahada ya uzamili ya ualimu, nikafanya mazoezi ya kufundisha, nikapangiwa shule. Darasa langu la kwanza lilikuwa na wanafunzi 78. Siku ya kwanza ya insha nikakaa ofisini na kikokotoo: dakika kumi kwa kila mmoja ni dakika 780, yaani saa 13. Kipindi kina dakika 40. Nikakifunga kikokotoo, nikafungua droo, nikatoa kalamu nyekundu.

Nilisahihisha kama nilivyosahihishwa. Wala usidhani nilikuwa nalia. Kalamu nyekundu ina raha yake, wanaoishika wanajua. Inakwenda haraka, inaacha alama, mkuu wa shule akipita anaona kazi imefanyika, na wale wakaguzi, siku hizi wathibiti ubora, wakifunua daftari wanakuta damu ya kutosha. Kila kitu nilichojifunza kwenye kile chumba chenye joto nilikuwa nimekiweka pamoja na koti la baridi, chini ya sanduku.

Kilichonizindua ni binti mmoja wa Kidato cha Tatu. Pembeni ya aya yake nilikuwa nimeandika neno moja: "Haieleweki." Nilipogawa madaftari akasimama na la kwake mkononi. "Samahani Madam. Ni wewe hukuelewa, au haieleweki?"

Darasa likanyamaza, linangoja radi. Nami radi nilikuwa nayo tayari, ipo kooni. Kisha nikamwona yule kijana wa besiboli na vikombe vyake vya karatasi. Kule Minnesota nilisema "sijaelewa," kwa sababu sikuwa na cheo cha kusema zaidi ya hapo, na "sijaelewa" ikamfungua mtu. Hapa kutokuelewa kwangu kulikuwa kule kule, ila nilikuwa nimekuvalisha joho la hakimu. "Haieleweki" haina mwenyewe. Imetamkwa na nani? Na mbingu, labda. Nikamjibu: "Ni mimi. Sijaelewa. Huyo mjomba alirudi lini?" Akanieleza, na wenzake wakasikia, na aya ikawa imejulikana upungufu wake bila mtu kuaibika, isipokuwa mimi kidogo.

Ukiniuliza kazi ile ya uanafunzi iliniachia nini, nitakutajia badiliko hilo la kitenzi. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Marekani, Bradley Hughes, Paula Gillespie na Harvey Kail, walichapisha majibu ya watu 126 waliowahi kuwa washauri wenza katika vyuo vitatu tofauti, wakiwauliza walichoondoka nacho. Wamo walimu, na wamo wengi wa kazi nyingine. Wanataja kusikiliza, kusoma kazi ya mtu kwa jicho la kuchambua, kujiamini. Naamini wanasema kweli, ingawa mimi huwa na shaka ndogo na tafiti za namna hii: anayejibu barua ya chuo chake cha zamani ni yule aliyepapenda. Ninalolisema mimi ni jembamba zaidi. Kabla ya kupewa mamlaka ya mwalimu, nilikaa miaka mitatu nikifanya kazi ya mwalimu bila mamlaka. Sikuweza kumpa mtu alama, sikuweza kumtoa nje, sikuweza hata kumzuia asihamie meza ya pili. Ilinibidi maneno yangu yafae, la sivyo mtu haji tena. Walimu wengi huanzia juu, kwenye jukwaa na chaki, na hawapati kamwe nafasi ya kukimbiwa na mwanafunzi. Wanafunzi wetu wanatukimbia wakiwa wamekaa pale pale.

Tangu siku ile nina desturi mbili tatu. Insha naisoma kwanza mpaka mwisho bila kalamu mkononi. Ninaandika swali moja tu chini, na liwe swali ambalo kweli sina jibu lake. Alama natoa, maana shule ni shule. Na kwa zile saa 13 nilifanya alivyofanya Bruffee na ilivyofanya Musoma: nikawatafuta wanafunzi.

Hapo napo nilikosea mwanzo. Nilichukua vipanga. Ndani ya wiki mbili wakawa walimu wadogo wenye rula, mmoja wao ananunuliwa mihogo ya kukaanga kila anapokubali kusoma insha ya mtu, na bei inapanda karibu na mtihani. Nikawavunja. Mara ya pili nikachukua wale wa kati, waliokuwa wanapata D mwaka jana na sasa wana C, ambao tope bado liko miguuni. Nikawakalisha chini ya mwembe nyuma ya maktaba, viti viwili viwili, nikawapa masharti yale yale. Kukalia mkono kuliwachekesha, mpaka walipojaribu. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mtoto wake anafundishwa na mtoto. Nikampeleka mwembeni akasikilize kwa mbali. Hakusema neno, aliporudi aliniuliza tu kama vile viti haviwezi kuongezwa.

Sisemi mambo yote ni mwembe. Kuna mtihani wa taifa, na chumba cha mtihani hakina kiti cha ubavuni. Kidato cha Nne nawafundisha pia namna ya kujibu swali la insha kwa muda uliopo, utangulizi, hoja, hitimisho, na wakati huo mimi ni sajini. Na mtaani, kwa vile nilijulikana kama mwalimu wa kusaidia uandishi, nimegeuka gereji. Kila mwenye barua ya maombi ya kazi ananiletea nimnyooshee, kesho yake anaifuata kama amefuata viatu kwa fundi. Mwaka 1984 Mmarekani Stephen North aliandika makala maarufu akiwalalamikia wahadhiri wenzake walioviona vituo vya uandishi kwa jicho hilo hilo. Nikimkalisha mtu wa mtaani nimuulize maswali, ananitazama kama nimeomba rushwa.

Wiki mbili zilizopita simu ililia usiku. Yule binti wa "ni wewe hukuelewa" yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea ualimu, na yuko mazoezini katika shule moja mbali na kwao. Alikuwa mshauri wangu wa mwembeni kwa miaka miwili, tena mzuri kuliko wote.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba mwanangu. Kazi inaendaje?"

"Madam, nimepewa darasa lina wanafunzi 112. Wameandika insha. Ziko hapa kitandani. Nianzie wapi?"

Nikajivuta, nikamuuliza kwa sauti yangu ya kituoni: "Wewe unaona uanzie wapi?"

"Madam, tafadhali. Usinifanyie hivyo. Leo nataka jibu."

Na alikuwa na haki yake. Kuna usiku ambao swali ni ukatili. Nikampa jibu: achukue tatu za juu, azisome bila kalamu, aangalie ni kitu gani zote tatu zinakililia, na kesho afundishe hicho kimoja. Akanyamaza. Nikasikia karatasi zinapekuliwa.

"Sawa Madam. Na hizi mia moja na tisa?"

Msikilizaji, fundi mitambo ananionyesha saa. Nami ningali natafuta la kumjibu.